Aliondoka Tukiongoza Mbili Bila

Asubuhi ile hakuna aliyemsalimia mwenzake. Siku za kawaida benchi lililoegemea ukuta wa saluni ya Kinyozi husikika kabla halijaonekana. Unakata kona tu, unapokelewa na kelele za watu wazima wanaogombania faulo ya msimu uliopita, iliyochezwa katika nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Lakini hii ilikuwa siku iliyofuata fainali ya vilabu vya Ulaya, na walikaa kama waliofiwa. Refa, dereva wa lori la saruji, aliyepewa jina hilo kwa sababu haamini uamuzi wowote ila wake, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Dozi, muuzaji wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara, alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazini juu ya jezi ambayo hajaivua tangu jana. Mama Kahawa alipita na birika lake, akamimina bila kuuliza nani anataka na nani hataki. Kinyozi mwenyewe alisimama mlangoni, taulo begani, amemwacha mteja kitini. Nyuma yake televisheni ilikuwa imegeuzwa uso ukutani. Aliigeuza mwenyewe alipofungua duka, maana hakutaka hata kuitazama.

— Mbili bila, alisema Refa hatimaye.

— Usianze, Dozi akamwambia.

— Mbili. Bila. Tumebakiza dakika za kuhesabu kwa vidole! Halafu yanarudi mawili, halafu penalti, halafu tunafungwa. Mimi nina watoto, bwana. Leo asubuhi wananiuliza baba unaumwa nini, nawajibu nini?

— Kocha ndiye aliyetuua. Unamtoa kiungo mkabaji ukiwa unaongoza, unamwingiza yule kijana mwenye hereni. Alikuwa anakaba nini pale, upepo?

— Siyo kocha, ni kipa. Umemwona kwenye goli lao la kwanza? Katulia analiangalia, kama mtu aliyeachwa na basi.

Dozi alitazama huku na huku, kisha akashusha sauti.

— Kipa ana mchumba upande wa pili.

— Nani kakwambia?

— Nina mteja wangu, ana binamu yake kule.

— Kule wapi?

— Ulaya.

— Ulaya yote?

— Refa, kunywa kahawa.

Kinyozi hakuwa na hamu ya kusema. Hakupata usingizi, kila alipofumba macho aliiona ile penalti ya mwisho ikigonga mwamba, ikirudi uwanjani polepole, na yule mpigaji akipiga magoti. Lakini kijiwe ni kijiwe. Ukikaa kimya sana watu wataanza kukuonea huruma.

— Nyasi, alisema.

— Nyasi zimefanya nini?

— Kipindi cha pili walimwagia maji upande wetu peke yake. Hamkuona beki wetu anavyoteleza? Mtu analipwa vile, viatu vya bei ile, anaanguka kama ndama.

— Na mpira walibadilisha, Refa akadakia. Wa kipindi cha kwanza ulikuwa na mistari. Wa penalti haukuwa nayo. Nimekaa nao macho kwa macho, usinibishie.

— Hakuna anayekubishia, alisema Dozi. Ila ninyi mnazunguka tu. Kitu chenyewe ni mwamba. Ule mwamba wa goli ulishushwa.

— Ulishushwa!

— Kidogo tu. Kiganja hivi. Mpira ule ulikuwa unaingia, jamani! Mimi macho yangu kila siku yanasoma maandishi ya madaktari, siwezi kukosea kitu kikubwa kama goli. Muulizeni Randa, yeye ndiye fundi wa vipimo. Atawaambia.

Wote waligeuka kuelekea mwisho wa benchi, na mwisho wa benchi hapakuwa na mtu.

Randa alikuwa seremala, mwenye karakana kwenye uchochoro wa nyuma. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na kwa ushabiki. Aliipenda timu ile tangu akiwa mwanagenzi anayefagia kwa fundi wake. Alishaiona ikishuka daraja, ikipanda, ikifika fainali na kurudi mikono mitupu, na kila mwaka alikuwa na neno moja tu: "Mwaka huu." Vijana walimcheka, yeye akapiga randa ubao wake, akasema tena, "Mwaka huu."

— Hebu subirini, Refa alisema, akanyanyuka. Randa jana aliondoka saa ngapi?

— Tukiongoza, Dozi alijibu. Mbili bila.

— Ehee! Na alipoondoka ikawaje?

Kinyozi alihisi kitu kikimpanda kifuani, na kwa sababu alikuwa na uchungu na mtu wa kumlaumu alikuwa hajapatikana, alikidhani kuwa ni hasira.

— Ni kweli, alisema. Mtu anaondokaje tukiongoza? Randa huyu huyu, aliyeingoja siku hii mpaka nywele zimemwisha? Anaiona inakuja, anainuka, anakwenda zake?

— Na kikombe je? alisema Dozi. Si aliangusha kikombe! Kahawa yote sakafuni. Kikombe kinaanguka, wale wanapata kona. Kona inapigwa, goli!

— Mimi nililiona tangu mapema kwamba jana hayuko sawa, Refa akasema. Lile goli letu la pili, watu tunaruka, yeye amekaa tu. Halafu anasema "gogi, gogi." Mtu mzima anashindwa kutamka goli!

Akamwiga, ulimi mzito, taya limelegea, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi benchi likacheka. Kinyozi naye alicheka.

— Akaja kusimama mbele ya televisheni, Kinyozi akaendelea. Katikati kabisa, mkono mmoja ukutani, kama mtu anayetaka kuhutubia. Nikamwambia, mzee, unatuzibia! Kaa au toka! Akatoka.

— Akatoka na kombe letu, alisema Refa.

Hukumu ikatolewa hapo hapo. Randa asikae kwenye benchi mpaka ligi ianze upya. Dozi akaona hiyo ni ndogo, akaongeza kwamba msimu ujao mechi zote azitazamie nje, kupitia dirishani. Refa akasema dirisha lenyewe aligeuzie mgongo.

— Mmempigia simu? aliuliza Mama Kahawa, aliyekuwa akikusanya vikombe.

— Simu ya nini, mama? Anajua alichokifanya. Si ndiyo maana leo hajaleta uso hapa?

Mama Kahawa alikuwa anatazama barabarani. Mke wa Randa alikuwa anakuja, amevaa ndara za bafuni na sweta la mumewe, anatembea kwa haraka bila kutazama magari.

— Shemeji, karibu! Refa aliita kabla hajafika. Mwambie bwana wako kesi yake imekwisha sikilizwa, yeye anasubiriwa kutumikia tu.

Shemeji hakutabasamu. Alisimama mbele yao, akashika ukingo wa benchi.

— Natoka hospitali, alisema. Tulimkuta alfajiri karakanani, amelala kwenye takataka za mbao. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia haushiki kitu, mguu pia. Wanasema ni kiharusi.

Refa aliketi.

— Yuko hai? aliuliza Kinyozi.

— Yuko hai. Mimi nilijua yuko na ninyi. Nilizisikia kelele zenu mpaka kitandani, nikasema moyoni, mwache leo, amengoja sana. Nikalala zangu.

Akalivuta sweta la mumewe kifuani.

— Daktari anauliza hali hii ilimwanza saa ngapi. Anasema ni muhimu. Nikamwambia alikuwa na wenzake, ngoja nikawaulize.

Watu wale wangeweza kumwambia goli la kwanza lilifungwa dakika gani, kwa mguu gani, na nani alitoa pasi. Wangeweza kumwambia kadi za njano zote. Saa hakuna aliyeiangalia.

— Kikombe, Dozi alisema. Kwenye ukuta wa duka lake palikuwa na tangazo alilolibandika kwa mkono wake, lenye picha ya uso uliopinda na mkono ulioning'inia, na kila siku aliwaeleza wateja: mdomo, mkono, ulimi, ukiona kimojawapo usingoje. — Ilianza kikombe kilipoanguka. Au kabla. Aliposhindwa kusema goli.

— Saa ngapi?

— Baada ya goli letu la pili, shemeji. Kabla ya kona yao.

— Mimi sijui kona. Daktari anataka saa.

Ikabidi wakae kuhesabu. Mapumziko, goli, mabadiliko ya wachezaji, kikombe, kona. Refa alibisha, Dozi akamrekebisha, sauti zikaanza kupanda kama kwamba wanajadili mechi, kisha wote wawili wakazisikia sauti zao, wakazishusha. Saa ilipopatikana, shemeji aliirudia midomoni asije akaisahau.

— Mapema hivyo, alisema. Na alipotoka, nani alitoka naye?

Kinyozi alitazama taulo lililokuwa mkononi mwake. Lilikuwa begani; hakukumbuka kulitoa.

— Hakuna, shemeji.

Aliyasema hayo yeye kwa sababu saluni ilikuwa yake na mlango ulikuwa wake. Shemeji hakumlaumu. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyepewa bei, akageuka kurudi alikotoka. Kinyozi akafunga saluni, yule mteja akiwa bado ndani, nusu ya kichwa imenyolewa. Ikabidi afungue tena amtoe, na yule mteja, alipoona uso wake, akaondoka vile vile.

Waliruhusiwa kuingia wodini mchana. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, aliwasimamisha kwenye korido akaandika saa waliyompa. Dozi ndiye aliyeuliza.

— Angeletwa wakati ule?

— Kuna dawa tungejaribu, daktari alisema. Sasa tunangoja tu. Anafanya kazi gani?

— Seremala.

Daktari alifunga kalamu yake.

— Mkono huo, msiuwekee matumaini makubwa.

Randa alilazwa karibu na dirisha. Alionekana mdogo kwenye shuka za hospitali, na unga wa mbao ulikuwa bado umenasa kwenye nyusi zake. Upande mmoja wa uso ulikuwa wake, ule mwingine ulikuwa umelala. Alipowaona, upande uliokuwa macho ulichangamka mpaka Kinyozi akataka kukimbia.

Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Mzee, nisamehe, jana nilikufokea, sikujua. Alipofika alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na kabla hajayasema Randa akamshika kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zile zile za fundi, akaanza kusema.

— Nnn... nani...

— Maji? Refa aliuliza haraka. Anataka maji.

— Hataki maji, alisema shemeji. Aliinama karibu na mdomo wa mumewe, akasikiliza kwa subira ya mtu aliyeanza kuzoea lugha mpya. Ni hilo hilo tu tangu alipoamka. Anauliza nani alilinyanyua kombe lenu. Kapteni, au walimpa yule mchezaji mkongwe anayestaafu?

Refa, ambaye tangu asubuhi alikuwa na jibu la kila kitu, alikwenda dirishani akatazama magari. Dozi aliishika chupa ya dripu akaanza kusoma maandishi yake, mstari kwa mstari.

— Mjibuni basi, shemeji alisema. Mimi mambo yenu siyajui, nimemwambia wenzako watakuja kukuhadithia.

Kinyozi alijiona akisema ni kapteni, na Randa akicheka kwa upande wake mmoja, kisha siku moja, wiki hii au ile, mgonjwa wa kitanda cha jirani akimtajia matokeo. Alijiona akisema kweli, na hilo hakuweza hata kulitazama mpaka mwisho. Akapitisha vidole kwenye kidevu cha rafiki yake, kilichokuwa kimeota mvi ngumu.

— Ndevu zimekuvamia, mzee, alisema. Kesho nakuja na vifaa vyangu, nikunyoe vizuri.

Mkono wa kushoto wa Randa ulizidi kumkaza, na jicho lake zima lilibaki usoni mwa Kinyozi, likingoja.