Wimbo wa Kumtoa Godbless

Nje ya duka la vitambaa la Pravin, Thornton Heath, kusini mwa London, pana benchi la mbao ambalo kila Jumamosi asubuhi lina wenyewe. Pravin, mzaliwa wa Tanga, huitwa Santuri kwa sababu ujanani aliuza sahani za muziki. Sesilia, nesi mstaafu kutoka Moshi, ni Sista. Vuai, Mzanzibari aliyeendesha basi la London miaka ishirini na sita, ni Dereva. Wa nne alikuwa Godbless, waliyemwita Dijei, maana simu ya kupigia nyimbo ilikaa mkononi mwake. Wiki mbili zilizopita moyo ulisimama ghafla akiwa kazini. Binti yake, Lilian, alimwomba Vuai jina la wimbo mmoja tu, upigwe kanisani wakati jeneza linatolewa. Karatasi za ibada zilikuwa zinakwenda kuchapwa saa sita mchana wa Jumamosi hiyo.

— Hapo hakuna ubishi, alisema Pravin akimimina kahawa. Ni ule wa soul wenye tarumbeta. Ukianza tu, Dijei alikuwa anafumba macho.

— Alikuwa anakwepa jua, Sesilia akamjibu.

— London hii, jua gani, Sista?

— Mimi nasema ule wa gitaa, wa yule Mzungu anayeimba taratibu kama anaogopa kuamsha watoto. Siku niliyotoka shifti yangu ya mwisho, aliniwekea ule. Nikalia hapahapa.

— Basi aliuweka kwa ajili yako.

— Aliuweka kwa sababu aliupenda.

Vuai alikuwa anangoja zamu yake. Wake ulikuwa wa disko, wenye besi inayopiga mpaka kifuani. Aliusikia mara ya kwanza Unguja, mwaka alioposa. Mkewe alipofariki, Godbless aliupiga mara tatu mfululizo bila kuambiwa, na wala hakumtazama usoni.

— Ni ule wa disko, akasema mwishowe.

— Disko kanisani, Dereva? Sesilia akauliza.

— Nyie hamjui tu. Dijei aliondoka Moshi kwa ajili ya wimbo ule. Aliusikia redioni, akasema lazima akaishi walipo watu wanaoimba hivi.

— Alikuja kusomea ufundi umeme, alisema Pravin.

— Hayo ndiyo aliyomwambia baba yake.

Pravin akaweka kikombe chini.

— Haya, na mimi niwaambie. Yule mpiga tarumbeta ni Mchaga. Alibadili jina alipofika Marekani. Ni ndugu kabisa wa Dijei.

— Alikwambia lini? Vuai akauliza.

— Hakuniambia kwa mdomo. Ukitazama picha, ukoo unaonekana.

Sesilia alicheka, kisha kicheko kikamgeuka katikati, akaanza kutafuta leso kwenye mkoba.

Ndipo Lilian alipofika, amevaa koti jeusi, macho yamevimba. Alizaliwa London, na Kiswahili anakisikia zaidi kuliko kukisema.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Wakamweleza, kila mtu na wimbo wake na sababu zake. Akawasikiliza mpaka mwisho.

— Sorry, Anko, akamwambia Vuai. Huo ni wako. Ule wa Anti. Ule wa Anko Pravin. Dad mwenyewe alikuwa anaomba upi?

Vuai alizipitia Jumamosi za miaka kumi na miwili, moja baada ya nyingine. Alichokumbuka ni sauti ile ya upole: Sista, leo upi? Dereva, wako uleule? Hakukumbuka hata siku moja mtu kumrudishia swali.

— Nyumbani alikuwa anapiga nini? akauliza.

— Nothing. Nyumbani alikuwa kimya tu. Nilidhani nyie mnajua.

Sesilia aliinamisha kichwa. Pravin alilitazama duka lake kana kwamba mteja ameingia.

— Hatujui, mwanangu, alisema Vuai. Hatukumuuliza.

Lilian aliitikia kwa kichwa bila hasira, na hilo lilimuuma Vuai zaidi. Binti akasogea hatua mbili, akapiga simu kanisani, akawaambia wasiweke wimbo.

Alhamisi, siku ya mazishi, Vuai alikuwa miongoni mwa wabebaji sita wa jeneza. Kutoka madhabahuni hadi mlangoni hakikusikika kitu ila viatu vyao, na pumzi nzito za Pravin aliyekuwa mbele yake. Vuai alitembea ndani ya kimya kile, akijaribu bado kukisia wimbo wa Dijei.