Karatasi ya Zlatina Langoni

Stoimen alikaa nyuma ya washonaji wawili katika basi dogo la kiwandani. Mapajani alikuwa na tangazo la mwaka mmoja tangu mkewe Zlatina afariki, lenye picha yake, na miguuni kopo la gundi. Tangazo la kwanza, la siku ya kifo, alilibandika kwenye lango la kiwanda, maana humo ndani mkewe alianguka akafa kwa joto, mkono ukiwa bado kwenye cherehani.

“Shoga, umeiona sheria mpya?” akauliza Radka, mmoja wao. “Joto likizidi tunatoka kupumzika, na mshahara haukatwi. Imebandikwa langoni.”

“Na kipimajoto kiko wapi?” Penka akacheka. “Ofisini kwa bosi, chini ya kiyoyozi! Kwa kipimo hicho tutakufa kwa baridi.”

“Wewe nawe! Angalau ipo.”

“Ipo, tena wameibandika juu ya tangazo la marehemu Zlatina. Eti nafasi hakuna.”

Wakubwa hao! akawaza Stoimen. Sheria walimnyima akiwa hai, sasa wamemfunika nayo.

“Nami nitabandika tangazo langu juu ya sheria hiyo,” akasema.

Wakageuka, wakamtambua. Radka akaziba mdomo. “Pole, mzee wangu. Lakini ukiifunika, bosi atasema haikuwahi kuwepo.”

“Kwani ikionekana ataifuata?” akadakia Penka. “Mwache amlilie mkewe.”

“Na sisi je, na joto hili?”

Basi likasimama. Wakashuka wakiendelea kubishana. Stoimen akabaki kitini, akimtazama Zlatina anayecheka pichani, mpaka dereva akageuka.

“Babu, ndio hapa. Hushuki?”