Joris Hoekema, Mchoraji Aliyewatanguliza Wanaoondoka

Desturi inataka maneno haya yasomwe na mtu wa damu ya marehemu. Joris hakuwa naye. Mdogo wake wa pekee, Dirk, alifariki mwaka 2009, na simu tulizopiga Uholanzi wiki hii zilipokelewa na watu waliosema samahani, hawamfahamu. Kwa hiyo anasoma shemeji yake, Theophil Ndunguru, kaka wa mjane. Theophil atajitaja kwa jina kama atakavyowataja wengine, maana ya kwake yamo humu, na si yote ya kujivunia.

Joris alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika mji wa Zwolle, mtoto wa kwanza wa fundi saa Harmen Hoekema na mkewe Aleida. Nyumba yao ilikuwa kimya, kwa sababu baba alishinda ametega sikio kwenye saa za watu na hakutaka kelele. Mtoto akajifunza kuangalia. Mwenyewe alisimulia kwamba alipofika miaka sita alizijua nyuso za wateja wote wa baba yake, na hakuwahi kuzungumza na hata mmoja.

Alisoma Zwolle hadi alipomaliza sekondari, na mwaka 1969 akaingia chuo cha sanaa mjini The Hague. Alitaka kuchora historia: mafuriko, miji iliyozingirwa na maadui, madiwani wamekaa mezani, kama walivyofanya wachoraji wa kwao miaka mia nne iliyopita. Wenzake wakati huo walikuwa wakimwaga rangi sakafuni, na walimcheka mpaka wakachoka. Alihitimu mwaka 1974 akiwa, kwa maneno yake, mtu pekee darasani aliyeweza kuchora mkono ukawa na vidole vitano. Alikuwa na maringo kidogo, Mungu amrehemu.

Kwa miaka zaidi ya thelathini alichora majaji, mameya na wakuu wa vyuo, pamoja na picha mbili kubwa za historia kwa kumbi za miji. Kisha wakubwa wakaona kupigwa picha ni haraka zaidi, na kazi ikakauka. Septemba 2007 alikuja hapa Guangzhou kufundisha uchoraji wa rangi za mafuta katika shule ya binafsi. Shule ilifungwa mwaka 2010. Yeye akabaki, katika chumba na sebule, ghorofa ya saba, mtaa wa Sanyuanli. Tulipomuuliza kwa nini harudi kwao, alijibu kwamba sisi ndio watu wa kwanza kumuuliza.

Mwaka 2011, ndani ya lifti ya jengo la biashara la Tianxiu Dasha, alimkuta Felisia Ndunguru wa Mbinga amebeba marobota mawili ya nguo za watoto aliyoyatoa soko la Shahe. Mzee akamwambia kwa Kiingereza, "Tafadhali, usitikisike." Felisia alidhani kuna mdudu begani. Akasimama kama mti mpaka ghorofa ya kumi na sita, kumbe babu anaangalia tu jinsi mwanga ulivyomkaa shavuni. Alimpa maneno makali ambayo hayasomeki mahali hapa. Wiki iliyofuata walikunywa chai pamoja.

Walifunga ndoa Mbinga, Jumamosi, tarehe 28 Desemba 2013. Bwana harusi aliwakodolea macho wazee wa ukoo kiasi kwamba shangazi Rozina alimvuta Felisia pembeni akamuuliza, "Mwanangu, huyu mumeo anatafuta nini usoni mwangu?" Felisia akamwambia, "Vumilia shangazi, ndivyo anavyosalimia." Mungu hakuwajalia watoto.

Kazi kubwa ya maisha yake hapa ilianza mwaka 2016, pale jumuiya yetu ya Watanzania ilipomwomba atuchoree picha moja ya pamoja, watu kumi na wawili tumezunguka meza. Tulidhani atatupiga picha kwa simu kisha anakili. Tulikosea sana. Alitaka kila mmoja aje akae kwenye kiti sebuleni kwake, Jumapili tatu, kwa muda wa saa tatu kila mara.

"Mwalimu, kontena langu linafungwa kesho," Maulid, mmoja wa wale kumi na wawili, alimlalamikia. "Chukua hii paspoti uchoree humo."

"Aliye kwenye paspoti hajachoka," Joris alimjibu kwa Kiswahili chake cha kupimapima. "Wewe umechoka. Nautaka huo uchovu."

Bi. Bimdogo wa Unguja alikaa lakini simu hakuiacha. Alikuwa anapatana na tajiri wa mapazia, anapiga kelele, "Laoban, tai gui le! Bosi, ghali mno, sitaki!" Ndivyo alivyochorwa, mdomo wazi na kidole hewani. Alinuna mwezi mzima. Siku hizi kila mgeni akija humpeleka kwenye picha ajionee.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa viza fupi, Joris aliweka utaratibu: anayepanda ndege mapema ndiye anakaa kwanza. Felisia naye alikuwa na nafasi yake katika wale kumi na wawili, mkono wa kulia, karibu na dirisha. Aliitamani mno. Alinunua kitenge kwa ajili yake, na kitenge kikachorwa, na mikono ikachorwa. Kila alipouliza lini zamu ya uso, mumewe alimjibu, "Wewe upo."

Januari 2020 Felisia alikwenda Mbinga kumzika mama yetu. Mipaka ikafungwa nyuma yake. Alikaa huko miaka mitatu na miezi mitatu, na Joris akakaa ghorofa ya saba peke yake. Jirani yake, Mama Liang, ametueleza kwamba kila Jumapili saa nane mchana alikuwa akiweka kiti karibu na dirisha, anasafisha brashi, anakaa mbele ya turubai mpaka giza liingie. Felisia alimsihi amchore kwa simu ya video. Alikataa. Alisema kwamba kwenye simu mkewe hana uzito. Hakumwambia kwamba Agosti 2022 daktari alimpa jina la mtetemo uliokuwa umeanza kwenye mkono wake wa kulia, ugonjwa wa Parkinson. Aliyajua hayo peke yake miezi minane, na inatuuma kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyepanda ngazi kumjulia hali.

Felisia alirudi Aprili 2023. Watu walianza kuja tena kununua mizigo, na Joris akarudia utaratibu wake ule ule, wanaoondoka kwanza. Dawa zilimpa mkono mtulivu kwa saa chache tu kwa wiki, na saa hizo alizigawa kwa wageni, sasa Jumapili moja tu kwa kila uso. Felisia alipika, akawafungulia mlango, akawapokea mikoba. Kufikia Juni mwaka huu nyuso kumi zilikuwa tayari. Zilibaki mbili, ya Felisia na ya kaka yake.

Jumapili, tarehe 15 Juni 2025, ilikuwa ya mwisho mkono kumtii. Theophil alikuwa na ndege Jumatatu. Alimwona dada yake amevaa kile kitenge, amesuka. Alitakiwa kusema, "Shemeji, anza na huyu." Aliangalia saa yake, akakaa. Uso wake umetoka vizuri mno, kila mtu anasema.

Baada ya hapo mkono ulikataa kabisa. Tarehe 2 Novemba Joris aliomba kiti kiwekwe, akamwambia Felisia akae. Alishika brashi mara nne, ikaanguka mara nne. Akalia. Akasema, "Sasa ndiyo nakuona, na mkono haupo." Felisia akamwambia, "Basi niangalie tu." Alimwangalia mpaka taa za mtaani zikawaka.

Alilazwa kwa homa ya mapafu tarehe 8 na kufariki Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Felisia alikuwa kando yake.

Jumuiya ilikaa juzi. Ilipendekezwa apatikane mchoraji wa hapa amalizie uso uliobaki kutoka kwenye picha ya harusi, kazi ya mchana mmoja tu. Theophil ndiye aliyependekeza. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapana, kaka. Paacheni hivyo hivyo. Mtu akiuliza pale ni nani, mwambieni ni yule aliyekuwepo." Picha itatundikwa kama ilivyo.

Joris Hoekema ameacha mjane, Felisia, shemeji, Theophil, shangazi Rozina na ukoo wa Ndunguru, Mbinga, na nyuso kumi na moja, nyingi zikiwa zimeshasafiri. Theophil amerudisha tiketi yake ya ndege ya kesho.

Mungu ampokee Joris, na ampe pumziko la amani.