Xavérine wa Gitega, Aliyekataa Laptop Zitupwe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Xavérine Nyiraneza, fundi wa kompyuta wa Gitega, hapa Kigali. Xavérine ametutoka Jumanne, akiwa na miaka hamsini na minane.

Alikulia Bujumbura, akaja Kigali na bisibisi tatu. Kaka zake walimwambia ufundi si kazi ya mwanamke. Binti yake, Christella, anacheka akikumbuka: "Mama aliwajibu, basi leteni mwanamume anishinde. Hawajamleta mpaka leo."

Kazi yake hasa ilikuwa kadi za mtandao, wasikilizaji. Kadi ya mtandao ni kile kipande chembamba kinachochomekwa ubavuni mwa laptop ya zamani ili ipate intaneti. Siku hizi madukani hakuna. Xavérine alizitoa kwenye mashine zilizokufa, akazipima, akaziweka akiba.

Miaka mitatu iliyopita, darasa la kompyuta la akina mama huko Kabuga lilikuwa na laptop ishirini na mbili. Zote kuukuu, zote zimekataa kushika intaneti. Muuzaji mmoja wa kompyuta akaja na suti yake, akasema ni takataka, watafute mpya. Mpya wangezipata wapi? Darasa lilikuwa linafungwa.

Mwalimu wao, Mutsinzi, akampigia Xavérine. Alipanda basi na mfuko wa kadi mapajani. Baadaye alimwambia binti yake kwamba njia nzima alihofia kadi zitakataa. Lakini alipofika, aliinua laptop moja mbele ya yule muuzaji, aliyekuwa bado hapo.

"Hii machine iko muzima! Munataka kuitupa juu ya nini, sababu gani?"

"Mama, wakati wake umepita."

"Wewe umefungua hata moja?"

Muuzaji akarekebisha suti yake.

"Kama hujafungua, usiizike."

Siku tatu alichomeka, akachomoa, akatafuta programu za kuamsha kila kadi. Kadi nyingine zilimgomea. Alizifokea kama watu. Laptop kumi na tisa ziliingia mtandaoni. Kumi na tisa kati ya ishirini na mbili! Zile tatu akazifungua mezani, akawafundisha akina mama kutoa vipuri.

Figo zilipomlaza hospitali, mtu alitaka kununua kadi zake zote kama chuma chakavu. Xavérine alikuwa hawezi hata kukaa. Akasema, "Ziende Kabuga." Zikaenda.

Amezikwa jana, Ijumaa. Asubuhi Mutsinzi alitaka kufunga darasa kwa heshima yake. Akina mama wakakataa. Mmoja wao, Vestine, akamwambia: "Mwalimu, yeye hakukubali lifungwe. Sisi ni nani tulifunge?" Walisoma hadi saa sita. Kisha wakafuta ubao, wakaenda kumzika.

Christella na familia yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize leo: ni vitu vingapi, na watu wangapi, tumekubali kuambiwa wamekwisha, nasi tukaitikia tu?