Hakuna Aliyeachwa

Fundi viatu kwenye kiti cha nyuma cha basi alikuwa amefumba macho, lakini masikio aliyaacha kazini. Mbele yake, mlezi wa wanafunzi wa chuo alikuwa akimsimulia mama aliyeketi naye, abiria mwenzake tu, sherehe yao ya jana ya kuwakaribisha wanafunzi wa kila aina.

"Mama, hakuna aliyeachwa! Hata viziwi tuliwawekea mkalimani wa lugha ya alama."

"Mlimweka, baba. Kisha mkamwambia akae chini, anamziba mgeni rasmi."

Mlezi akakohoa. "Ilikuwa kwa muda mfupi tu."

"Hotuba nzima! Mwanangu akawa anapiga makofi wenzake wakipiga, hajui anasifu nini."

Fundi akajiambia kwamba kwenye hotuba za wageni rasmi hata wenye masikio hupiga hivyo hivyo.

Mama akamwonyesha binti aliyekaa dirishani, begi la nguo mapajani. "Ndiye huyu. Hataki tena chuo, tunarudi nyumbani."

Mlezi akashtuka kweli. "Na bado mwaka mmoja tu amalize!" Akamwinamia binti, akapaza sauti yote aliyojaliwa: "RUDI CHUONI, MWANANGU!"

Basi zima likageuka, isipokuwa binti. Dereva, akidhani kuna anayeshuka, akakanyaga breki na mlango ukafunguka. Hapo ndipo binti alipogeuka, akamuuliza mama yake kwa vidole kuna nini.

"Mwambie basi," mlezi akanong'ona.

"Mwambie wewe, baba," mama akajibu. "Si umesema hakuna aliyeachwa?"