Mpira Aliourudisha Mama Euphrasia

Risala ya wasafishaji wa uwanja wa timu ya besiboli ya Korongo wa Lanham, katika sherehe ya kombe la msimu uliopita

Mgeni rasmi Bwana Kipchumba, Meneja Mkuu wetu mpya. Wakuu wa klabu mlioketi mbele. Na ninyi wenzetu wa fagio na ndoo: Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, salaam aleikum. Mungu ametuvusha baridi tukiwa wazima, tumshukuru yeye kwanza.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Bwana Kipchumba. Siku ya kwanza ulitusalimia kwa Kiswahili mbele ya watu wote, ukasema risala yetu tuiandike kwa lugha tunayotaniana nayo kazini. Tumetii. Wakuu wengine watatafsiriwa na binti yetu Violet, aliyeketi kati yao. Tumemwomba asilainishe kitu.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina mama wa Tanzania, Kenya na Kongo, na akina baba wachache wanaotuvumilia. Wengi asubuhi tunahudumia wagonjwa majumbani, tukitoka huko tunakuja hapa. Mchezo wenyewe hatukuujua. Tuliona mtu anapiga mpira kwa gongo, anazunguka mbio, anarudi palepale alipoanzia, na watu wanashangilia kama ameenda mbali.

Kiongozi wa shifti yetu alikuwa Mama Euphrasia, mama wa Bukoba, mwenye rozari mfukoni na macho yasiyopitwa na kitu. Wiki yake ya kwanza aliokota mpira chini ya kiti. Hakujua kwamba hapa mpira ukiangukia jukwaani ni mali ya aliyeuokota. Aliona kitu kizuri kimepotea, akawaza mwenye mali anavyohangaika, akaupeleka ofisini. Kijana wa ofisini, Ethan, akacheka. "Mama, chukua tu. Ni wako."

"Wangu nimeununua wapi?" akamjibu, akauacha mezani.

Kesho yake akapeleka mingine kwenye ndoo ya bluu. Tukamfuata sote, ikawa desturi yetu. Mwenzetu Jeptoo alimtania: "Mama, tutarudisha mpaka nyasi?" Akasema, "Nyasi haijashonwa na mtu. Huu tazama nyuzi zake, kuna mtu aliinamia hii kazi." Tangu hapo hata Jeptoo mwenyewe akawa anaulizia ndoo.

MSIMU WA KOMBE

Mgeni rasmi, msimu ule ulianza vibaya. Timu ilikuwa mkiani mwa ligi mpaka joto la Julai. Mashabiki walikuja wachache, wakaondoka mapema, wakatuachia karanga na matusi. Sisi hatukuondoka. Wachezaji walipopita wameinamisha vichwa, Mama Euphrasia aliwaambia pole, mmoja mmoja, kwa Kiswahili, nao wakajifunza kuitikia "asante, Mama". Agosti wakaanza kushinda. Septemba wakafika fainali, hapahapa kwenu.

Ile fainali ilipigwa na mvua. Wakasimamisha, wakaendelea, wakasimamisha tena. Jukwaa la kulia lilikuwa tupu, watu wamejibanza chini ya paa, mpigaji wetu alipoupiga mpira ukavuka ukuta ukatua huko. Pigo hilo ndilo lililoleta ushindi, kombe likawa letu. Walinzi wakautafuta mpira kwa tochi wakaukosa. Radi ilikuwa inapiga, nasi tukaambiwa twende nyumbani, usafi asubuhi.

Asubuhi maji yalikuwa yametuama kwenye jukwaa la kulia. Mama Euphrasia alijua mfereji wa chini ya viti umeziba. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa majani, vikombe, na mpira. Sisi tulikuwepo tukamwona. Aliupangusa kwa aproni, akambusu Jeptoo kwa furaha, akaupeleka ofisini kama siku zote.

KINACHOTUUMA

Hapo ndipo penye kidonda chetu, Mgeni rasmi.

Mkuu wa ulinzi wa wakati ule hakusema asante. Alisema, "Tulitafuta hatukuuona. Wewe uliuficha wapi?" Akasema alitaka kuuuza, ameogopa, ndiyo maana ameurudisha. Wakamsachi mkoba mbele ya duka la fulana, watu wanapita. Walitoa rozari, dawa ya presha na chapati ya mchana. Jeptoo akasema, "Huyo ni mama wa watu, mnamsachi nini?" Akaambiwa akiongeza neno atamfuata. Sisi wengine tulisema tulichokiona. Hakuna aliyetusikiliza.

Wakamvua beji. Neno walilotumia ni kukosa uaminifu.

Tunauliza, maana hatujaelewa mpaka leo. Shabiki anayeondoka na mpira anaonyeshwa kwenye skrini kubwa, anapigiwa makofi. Aliyeurudisha anaonyeshwa mlango. Ni sheria ya mchezo gani hiyo? Kama angekuwa mwizi angehitaji kuiba kitu ambacho sheria yenu ilikwisha kumpa?

Mpira wenyewe mmeuweka kwenye kabati la kioo pale mlangoni. Sisi ndio tunaolifuta. Watoto wanabandika pua, tunafuta, na kila tukifuta tunamwona yeye. Kanisani siku hizi anakaa kiti cha nyuma kabisa, anatoka kabla ya wimbo wa mwisho, asije akaulizwa kazi inaendeleaje. Mama aliyekuwa anaanzisha wimbo. Tunamlilia Mungu, lakini Mungu hakumvua beji. Ni ofisi hii.

TUNACHOOMBA

Hatukuja kuomba viatu vya mvua, ingawa vilivyopo vinavuja. Hatukuombi chumba cha kubadilishia nguo, ingawa tunabadilishia stoo. Hayo yatasubiri. Tunaomba jina la Mama Euphrasia lisafishwe, kwa kipaza sauti kilekile kinachotangaza wachezaji, siku ya mechi ya kwanza, yeye akiwepo na beji yake kifuani.

Na tuseme wazi ili lisije likawa la kushangaza. Ndoo ya bluu tumeifunika. Mpira ukianguka msimu huu utabaki ulipoangukia, tutafagia pembeni yake. Hatutarudisha kitu mahali ambapo kurudisha ni kosa.

Mgeni rasmi, umeona kiti kitupu hapa mbele, chenye kanga. Ni chake. Amekuja nasi leo. Yuko nje ya geti, ndani ya gari jekundu la Jeptoo, kwa sababu asiye na beji haruhusiwi kuingia, naye amekataa tusimwingize kwa mlango wa nyuma. Alisema, "Nilitolewa mbele ya watu, nitaingia mbele ya watu."

Kabla hatujakata keki ya kombe, tunaomba uende ukamlete mwenyewe. Sisi tutasubiri tumesimama.

Mungu akupe moyo wa haki na akuongoze miguu yako mpaka getini.

Ni sisi,
Wasafishaji wa Uwanja wa Korongo, Lanham, Maryland