Mama Muhuri na Vitukutuku wa Nyuma ya Masijala

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Muhuri anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kupokea barua, kugonga mihuri na kupanga majalada. Wengi tulidhani tunamjua. Wapi!

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi mkuu wa masijala. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuchukua jalada bila kusaini daftari. Alifuatwa hadi kwenye gari, akasaini juu ya boneti.

Miaka minane iliyopita, saa ya chakula cha mchana, mhudumu wa ofisi alikuja mbio, macho yamemtoka.

“Jamani, Mama Muhuri amefia nyuma ya masijala!”

Tulitoka mkuku. Tukamkuta chini ya upenu, kalala kifudifudi, sketi imejaa vumbi, hasogei. Dereva alishaanza kulia. Ndipo marehemu akasema bila kugeuka, “Mnanitikisia mchanga. Simameni hapo hapo.”

Alikuwa akipiga picha vitukutuku, wale wadudu wanaochimba vishimo vya mchanga mfano wa faneli, kisha wakajificha chini kuvizia sisimizi. Kwenye kamera alituonyesha kitukutuku mwenyewe, buu lisilozidi punje ya mahindi, lina mataya kama koleo, limemkamata sisimizi kiunoni. Tulipigwa na butwaa. Alikuwa na picha zaidi ya elfu mbili, kila shimo lina namba na tarehe. Tulipompigia mumewe, yeye alitushangaa sisi: “Mbona huku nyumbani tunao kwenye beseni la mchanga?”

Basi tukazoea. Hadi mwaka juzi.

Mwaka huo vishimo vya ukuta wa mashariki vilitoweka vyote, na mvua haikuwa imenyesha. Mama Muhuri akachomeka kidole: mchanga umelowa. Kitukutuku hachimbi penye maji. Akampelekea fundi wa majengo picha mbili za ukuta ule ule, akimwomba apasue sakafu atafute maji yanapotoka. Julai, vishimo arobaini na kimoja. Septemba, hakuna hata kimoja.

Fundi alicheka. “Mama, nipasue sakafu kwa ajili ya wadudu?”

Hakubishana naye. Alirudi masijala, akatutoa nje sote tisa tuliofanya kazi humo, akafunga mlango na kukaa kwenye kiti barazani, ufunguo mkononi. “Nifukuzeni kazi,” alisema, “lakini humu haingii mtu mpaka ukuta huu ukaguliwe.”

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, barua ya onyo dhidi yake ikiwa bado inachapwa, ukuta wa mashariki ulianguka. Rafu zote za chuma zililalia meza zetu. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya msingi, maji yakila udongo kimyakimya.

Mimi, ambaye meza yangu ndiyo iliyokuwa karibu na ukuta ule, niliketi chini. Fundi alishika kichwa. Mama Muhuri alikuja kuniinua.

“Sikuwa na uhakika, mwanangu,” aliniambia. “Siku zote tatu, sikuwa na uhakika.”

Barua ya onyo ilichanwa mbele yetu.

Mama, sisi tisa tuko hai. Asante. Nenda kapumzike, uwe na afya, uwe na raha tele. Nitakuja kukusalimu pamoja na binti yangu, aliyezaliwa miezi mitano baada ya siku ile.